Mrejesho: Raspberry Pi na umeme kukatika ghafla

Wakuu narudi na mrejesho, niliuliza nifanyeje Raspberry Pi yangu (kompyuta ndogo ya bodi moja) inayorekodi joto isiue memori kadi kila umeme ukikatika. Kilichosaidia zaidi ni kuwasha overlayfs kupitia raspi-config (programu ya mipangilio ya Pi), mfumo wote kwenye kadi unakuwa wa kusomwa tu, mabadiliko yanakaa kwenye RAM, yaani memori ya muda inayofutika umeme ukikatika. Kwa hiyo data nimezihamishia patisheni yake (sehemu ya kadi iliyotengwa, inayoandikika), programu inaandika faili la muda, inaita fsync (amri ya kuhakikisha data zimefika kwenye kadi), ndo inalibadilisha jina lichukue nafasi ya faili la zamani.

Ila betri ndogo ya akiba msiidharau jamani, maana kadi ikikosa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu hata data za zamani ambazo hukuzigusa, so umeme ukikatika betri yangu inaitaarifu Pi kupitia pini ya GPIO (pini za Pi za kupokea na kutoa ishara) ijizime vizuri. Sasa umeme ukirudi inawaka yenyewe bila shida, asanteni sana aisee.