Moyo mmoja, eko tatu, CT mbili: huu uchafu nani anaujali?

Wakuu, leo mnivumilie, nimefika shingoni.

Mzee wangu ana tatizo la moyo. Ndani ya mwezi mmoja kafanyiwa eko tatu (picha za moyo kwa mawimbi ya sauti) na CT mbili (picha za eksirei za kompyuta) za mishipa ya moyo. Hali haikubadilika hata chembe! Hospitali ya pili walisema diski ya picha tuliyopewa hospitali ya kwanza haifunguki kwenye kompyuta yao, ya tatu hata hawakuiomba. "Tuanze upya." Kama vile mtu kaja kupiga picha ya pasipoti.

Gharama na mionzi mmeshavilalamikia sana humu. Hasira yangu mimi ni hii: ile dawa ya iodini anayochomwa kwenye CT ili mishipa ionekane, mwili hauna kazi nayo. Figo zinaichuja, na ndani ya siku moja karibu yote imetoka kwenye mkojo vilevile ilivyoingia. Inaenda chooni, na mitambo ya kawaida ya kusafisha maji taka haiiwezi. Gadolini, dawa wanayochomwa wagonjwa kwenye MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku), nayo hupita njia hiyohiyo. Tangu 1996 watafiti walishaandika kwamba imo kwenye mito ya Berlin. Sisi tuliambiwa tu: "Mzee anywe maji mengi." Basi.

CT ya kwanza siitukani, ilistahili, maana eko haionyeshi vizuri kama mishipa imeziba. Ya pili ilikuwa ya nini? Ya kufidia diski!

Sasa wanataka MRI, "tujiridhishe". Sumaku ya ile mashine inapozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na mtambo wa kupoza unakula umeme usiku na mchana, mgonjwa awepo asiwepo. Eko ni mawimbi ya sauti tu, mashine inasukumwa kwa magurudumu mpaka kitandani. Nikauliza majibu ya MRI yatabadilisha nini kwenye matibabu. Nikajibiwa kwamba mimi si daktari. Kweli si daktari, ila swali liko palepale.

Mliomo humu mnaofanya kazi idara ya mionzi, nijibuni bila kuzunguka: picha za hospitali nyingine mnashindwa kweli kuzifungua, au hamtaki? Na ile CT, usiku mnaizima au mnaiacha inanguruma mpaka asubuhi?