Ushauri: Mtandao unataka kuizindua simu yetu na kuiuza peke yake miezi sita. Tukubali?

Mpakua_Mzigo:
Wakuu, habari za muda huu. Mimi na kaka yangu tuna duka la jumla Kariakoo. Baada ya miaka mingi ya kuuza simu za watu, tumeamua kuleta yenye jina letu. Hatujaibuni sisi, tumechagua muundo kiwandani Shenzhen na kubandika jina. Mzigo wa kwanza ni simu 8,000.

Wiki iliyopita mtandao mmoja (siutaji) umetuita ofisini. Wanataka waizindue wao, iuzwe kwenye maduka yao tu kwa miezi sita, ifungwe isisome laini nyingine, na nembo yao ikae mgongoni. Watachukua 2,000 kwanza, zilizobaki "kulingana na mwitikio wa soko". Kaka amefurahi mpaka ameshona suti ya uzinduzi. Mimi roho inasita.

Mitandao huwa inapewaje nafasi hizi na wenye simu? Wao wanatoa nini? Jibu linatakiwa Alhamisi. Nawasilisha.

Chumvi_ya_Mawe:
Suti ya rangi gani kwanza?

Mzee_wa_Mnara:
Mkuu, niliwahi kukaa dawati la vifaa kwenye mtandao, kwa hiyo nakupa upande wa pili wa meza.

Mtandao unaotaka simu iwe yake peke yake huwa unalipia. Unalipa kwa kuahidi idadi itakayonunuliwa, iuzike isiuzike. Unabeba gharama ya matangazo, unashusha bei ya simu kwa mteja ili uirudishe kwenye bando, au unamkopesha. Au unakubali kuachia kitu ambacho kwa kawaida hauachii.

Hilo la mwisho ndilo lililowapa Cingular, baadaye AT&T, iPhone ya kwanza. Miaka ile Marekani mtandao ndio uliokuwa mfalme: unaamua simu iwe na programu zipi na nembo ikae wapi. Mwaka 2005 Apple walijaribu kwa simu ya muziki, Motorola ROKR, iliyouzwa na Cingular hao hao, ikawa haibebi zaidi ya nyimbo 100. Ikachekwa. Basi safari ya pili Apple wakaja na masharti yao: programu ni zetu, bei tunapanga sisi, nembo yenu haikai kwenye simu, na kila mwezi mtatugawia kipande cha anacholipa mteja. Verizon, mtandao mwingine mkubwa wa Marekani, walifuatwa wakakataa. Cingular wakakubali, na juu yake wakatengeneza mfumo mpya wa ujumbe wa sauti ili mtu auchague kwenye kioo anaotaka kuusikiliza. Simu ikatoka Juni 29, 2007, dola 499 na 599. Verizon waliipata Februari 2011.

Sasa soma tena ulichoandika. Kwenye dili lako, nembo yao, kufuli yao, miezi sita yao. Wao wameachia nini?

Mpakua_Mzigo:
Duh. Mzee, lakini sisi si Apple. Tukiweka masharti si watatufungia mlango?

Mzee_wa_Mnara:
Na mimi sisemi mdai mgao wa bando. Hata Apple waliuacha mwaka 2008, iPhone 3G ikashushwa mpaka dola 199 kwa mkataba, tofauti akiibeba AT&T. Nasema mdai idadi. Hilo hata mdogo anaweza kudai.

Binti_Ughaibuni:
Naongezea la Palm Pre maana watu wamelisahau. Juni 2009, simu nzuri kweli kweli, wakampa Sprint peke yake. Sprint alikuwa wa tatu Marekani na wateja walikuwa wanamkimbia, kwa hiyo aliitaka kwa udi na uvumba. Ila ukimpa simu mwenye wateja wachache, wateja wako ndio hao hao wachache. Pre Plus ilipofika Verizon mwanzoni mwa 2010, Droid ya Motorola ilishakaa kwenye rafu tangu Novemba. Mwaka huo huo kampuni yenyewe ya Palm ikauzwa kwa HP.

Ila usikariri kuwa mtandao mdogo ni mbaya. SoftBank naye alikuwa wa tatu Japani alipochukua iPhone 2008, na ikambeba. Docomo, mkubwa wao, aliipata 2013.

Chumvi_ya_Mawe:
Na Fire Phone ya Amazon je? Julai 2014 dola 199 na mkataba wa AT&T, Septemba senti 99. Uzinduzi wa kifahari na suti zao!

Fundi_Gerezani:
Mimi naongelea kufuli tu. Mnajua iPhone ngapi nimeletewa na watu wamepewa zawadi na shemeji aliyeko Marekani? Unaweka laini, inakataa. Unaanza kupachika R-SIM, kile kijichipu chembamba kinacholaliwa na laini. Leo inashika, kesho mtu amesasisha programu, anarudi kafura kama mimi ndiye niliyefunga. Bei yake sokoni haifanani na iliyo wazi.

Huku mtu ana laini mbili au tatu, moja ya bando, nyingine pesa anatumiwa na mama. Simu ya laini moja unamuuzia nani?

Wa_Athi_River:
Salamu kutoka Kenya. Ndugu yangu, kuna kufuli ya laini na kufuli ya mkopo, msizichanganye. Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google ilipoanza 2020, mteja alikuwa analipa shilingi 20 kwa siku, asipolipa simu inajifunga. Hiyo watu walielewa, kwa sababu bila mkopo simu hawangeipata. Kama hao wenu wako tayari kukopesha wateja, hata nembo ningewapa. Kama wanataka tu kuiweka kwenye kabati la kioo, hata wewe kabati unalo.

Binti_Ughaibuni:
Na andikeni tarehe ya mwisho kwenye mkataba, pamoja na kinachotokea wasipofikisha idadi. Kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kitoke kwa jina lenu, si lao.

Mpakua_Mzigo:
Mrejesho, wakuu. Alhamisi tumekwenda na karatasi moja: simu 5,000 zilipiwe hata zisipouzika, miezi mitatu, hakuna kufuli isipokuwa kwa aliyekopa, nembo yao ibaki kwenye boksi. Yule dada wa manunuzi akaisoma mara mbili, akauliza nani ametuandikia. Kaka akajibu "mwanasheria wetu", nikaangalia dirishani.

Wamekubali boksi na kufuli. Miezi wanasema minne. Kwenye idadi wamekwama 3,500, wamesema watapiga Jumatatu. Suti ni ya kijivu.