Naomba ushauri: dozi ya juu kwa jaribio la saratani la miezi 24

Habari zenu wakuu. Naandaa jaribio la kuona kama kemikali fulani inasababisha saratani kwa panya wa maabara: dozi tatu na kundi linganishi (lisilopewa kemikali), panya 50 wa kila jinsia kwa kila kundi. Jaribio la awali la siku 90, la kutafuta dozi, limeniacha njia panda. Dozi ya juu ilishusha uzito kwa 14% kuliko kundi linganishi, na maini yakaongezeka uzito. Ya kati, iliyo robo yake, haikuonyesha kitu.

Nikipanda sana, watakufa kabla uvimbe haujajitokeza. Nikishuka sana, matokeo hasi (kwamba hakuna saratani) hayatamshawishi mtu, na wanyama wote hao watakuwa wamepotea bure, hilo linaniuma. Kukadiria dozi inayofaa kwa grafu hakujanisaidia, dozi zilizopimwa ni chache mno.

Je, nirudie siku 90 kwa nusu ya dozi ya juu, au kupima kiwango cha kemikali kwenye damu kunatosha kuamua?