Mtoto hajafikisha miezi miwili: tumtahiri sasa au tungoje? Tuko Kisumu

Nyota ya Mamboleo:
Wazazi wenzangu, nawasalimu. Kuna jambo limetugawa nyumbani na naomba ushauri wenu. Tumejaliwa mtoto wa kiume, kifungua mimba wetu. Alizaliwa na kilo 3.1, ananyonya vizuri, chanjo zake zote amepata. Mimi ni Mbukusu wa Kimilili, baba yake ni Mluo wa Seme. Kliniki nesi alitueleza kwamba tohara ya mtoto mchanga hufanywa kabla hajapita siku 60, tukitaka tuamue mapema.

Mume wangu anataka. Yeye alitahiriwa akiwa mtu mzima, wakati kampeni zilipopamba moto huku Nyanza, na anasema hapendi mwanawe aje apitie zile wiki sita za kujichunga. Baba mkwe hataki kusikia: kwao kijana alijulikana kwa kung'olewa meno sita ya chini, kisu hakikuwamo. Na kwetu Kimilili mjomba amepiga simu, anataka mtoto angojewe akue, aende jandoni Agosti ya mwaka wa shufwa pamoja na binamu zake.

Wazee nitawasikiliza, lakini linaloninyima usingizi ni mtoto mwenyewe. Ataumia kiasi gani? Hatari ni zipi? Na ina faida yoyote kwake akiwa bado mdogo hivi?

Baba Pacha:
Hongera sana mama, Mungu amkuze. Wetu walifanyiwa wote wawili siku moja kwenye kituo cha serikali. Walichomwa ganzi kwanza. Walilia waliposhikwa na walipochomwa sindano, kisha wakanyonya na kulala. Siku zilizofuata tuliona utando wa manjano-manjano juu ya kichwa cha uume, tukarudi mbio tukidhani ni usaha. Nesi akatuonyesha kuwa ndivyo kidonda kinavyopona, akatukataza kuubandua.

Shangazi wa Kondele:
Ukiamua ndiyo, basi hospitali, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo kwa watoto wachanga. Kuna mtoto wa ukoo wetu alikatiwa nyumbani na mtu aliyejiita daktari, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Damu haikukatika usiku kucha. Alipona, lakini mama yake hajasahau. Na majivu au dawa ya miti isimguse kabisa.

Mkunga Mstaafu:
Binti yangu, maswali yako ni ya mzazi makini. Nimefanya kazi wodi ya akina mama miaka mingi huku Magharibi, nitakujibu nikianzia na maumivu.

Mtoto mchanga anasikia maumivu kama wewe. Yule anayekuambia kwamba "hajui kitu bado" usimpe mtoto wako. Ganzi ni lazima, na dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo waone wakimpima kwenye mizani siku hiyo hiyo. Baada ya sindano husubiriwa dakika chache ishike. Ukiona wanataka kukata papo hapo, waulize.

Kwa nini siku 60? Mtoto akiwa mdogo ngozi ni nyembamba, kidonda hufunga haraka, na kwa kawaida hakihitaji mishono. Huku kwetu hutumika sana kibanio cha chuma kiitwacho Mogen: govi hubanwa, damu ikazibwa, ndipo hukatwa. Akishapita umri huo anarusha miguu kwa nguvu, na mara nyingi italazimu alazwe usingizi wa dawa, jambo ambalo lina hatari zake.

Sasa yale ya kuangaliwa kabla hajaguswa, na hapa ndipo madhara mengi huzuiwa. Mtoto awe mzima siku hiyo: asiwe na homa, wala macho na ngozi ya manjano, na uzito wake usiwe chini ya kilo 2.5. Hakikisheni alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa. Tundu la mkojo liwe kwenye ncha. Likiwa chini ya uume, asitahiriwe kamwe, kwa sababu daktari wa upasuaji ataihitaji ngozi ya govi kulirekebisha baadaye. Nimeona watoto waliokatwa bila mtu kuangalia jambo hilo, na kazi ya kuwatengeneza ikawa ngumu maradufu.

La mwisho ni damu. Kuna maradhi ya damu kutoganda, himofilia, ambayo mama huyabeba bila kuugua na kumpa mtoto wa kiume. Kwa hiyo ukoo wa kuulizwa ni wako, si wa Seme. Wewe una bahati moja: kwenu wanaume wote wamepita kisuni mbele ya watu. Mpigie mama yako, umuulize kama kuna mjomba au kaka aliyetokwa damu isiyokoma.

Mwalimu wa Homa Bay:
Mimi nitasema tofauti, kwa heshima. Tunaambiwa tohara hupunguza Ukimwi, na ni kweli. Utafiti ulifanywa hapo hapo Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, ukasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu faida ilikuwa wazi. Ukijumlishwa na ule wa Uganda na wa Afrika Kusini, kinga ni karibu asilimia 60, kwa mwanamume anayeambukizwa na mwanamke. Lakini someni vizuri: ni vijana waliokubali wenyewe, na kinga ni ya tendo la ndoa. Mtoto wa wiki kadhaa hana haja nayo leo. Haimkingi na virusi vya kutoka kwa mama, na akikua bado atahitaji kondomu.

Faida ya utotoni ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo hupungua. Ila kwa mvulana mzima wa afya ni ugonjwa wa nadra. Madaktari hukadiria kuwa hutahiriwa watoto wapatao 100 ili mmoja aepuke. Mimi wangu nimewaacha. Wakifika umri wa kuelewa wataamua, na huduma ipo. Kumwacha mtoto si uzembe wa mzazi. Mwoshe kwa nje tu, wala usilivute govi nyuma kwa nguvu, maana kwa mchanga limeshikana na kichwa cha uume na huachia lenyewe polepole kwa miaka.

Mkunga Mstaafu:
Mwalimu amesema haki, sina la kupinga hapo. Wazazi wakikubaliana kungoja, mtoto hajapungukiwa. Tunachotaka asifanyiwe ovyo.

Omwana wa Mulembe:
Dada, mimi ni wa Bungoma pia. Nilisimama kwa omukhebi, yaani ngariba wetu, nikiwa na matope ya mtoni mwili mzima, na yale niliyofundishwa wiki zilizofuata bado nayabeba. Naelewa mjomba anachokililia. Lakini huyo mtoto ni wa Seme, na baba yake ndiye wa kwanza kusema. Nenda na mumeo mkaongee na mjomba ana kwa ana, kwa simu mtagombana bure. Na hata akipelekwa Agosti siku moja, siku hizi wazazi wengi wanadai kisu kimoja kwa mtoto mmoja, au daktari awepo. Hilo usilegeze.

Baba Pacha:
Nimekumbuka: beba nepi kubwa kuliko kipimo chake, isimbane. Na mafuta ya vaselini, ili kidonda kisigande kwenye nepi.

Nyota ya Mamboleo:
Asanteni nyote, Mungu awabariki. Nimeongea na mama. Ameniambia kitu ambacho sikuwahi kusikia: kaka yake mkubwa alipotahiriwa alitokwa damu siku nzima hadi akapelekwa hospitali, na hata alipong'olewa jino ukubwani ilikuwa hivyo hivyo. Mama hakudhani ni ugonjwa, walisema mkono wa aliyemkata ulikuwa mbaya. Mkunga, hii ina maana gani?

Mkunga Mstaafu:
Ina maana kwamba tohara isimame kwanza, hata kama siku 60 zitapita. Pengine si kitu, lakini kidonda na jino kwa mtu mmoja ni dalili ya kuheshimiwa. Nendeni hospitali kubwa ya rufaa, mwambieni daktari wa watoto maneno haya haya ya mama yako, na muombe vipimo vya kuganda kwa damu. Wewe pia upimwe. Majibu yakiwa safi, mtarudi kwenye mazungumzo yenu mkiwa na nafasi. Yakiwa na shida, mtoto atafunguliwa faili na atalelewa kwa uangalizi. Kabla ya chanjo inayofuata mweleze nesi pia, na abonyeze mahali pa sindano kwa muda mrefu kidogo. Paja likivimba au likifanya bonge jeusi baada ya kuchomwa, usingoje siku ya kliniki.

Nyota ya Mamboleo:
Nimeelewa. Mume wangu ameomba ruhusa kazini, tunaenda kesho asubuhi.