Naombeni ushauri: nataka kujifunza kuchora mwili wa mtu akiwa mbele yangu, hapa Dar naanzia wapi?

PenseliYaTemeke (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni binti, naishi Temeke na mama. Nachora watu kwa penseli kutoka kwenye picha wanazonitumia WhatsApp, na sura kwa kweli hazinipi shida. Shida inaanzia shingoni kwenda chini. Mteja akitaka achorwe amesimama, au maharusi wakitaka watoke wote wawili na nguo zao, usoni wanafanana kabisa ila mwili unakuwa kama shati lililotundikwa kwenye henga. Mikono ndiyo usiseme, naificha nyuma.

Video ninazoangalia karibu zote zinasema acha picha kwa muda, chora mtu aliye hai. Sawa. Ila wanaofundisha wako Ulaya na Marekani, wana darasa, na kuna mtu analipwa anavua nguo anakaa kimya. Mimi nikamwambie nani Temeke avue? Mama yangu mlokole, akisikia hayo nahama nyumba.

Kwa hiyo naomba kujua, kuna tofauti kweli kati ya picha na mtu hai au ni maneno tu? Na kama ipo, nimchore nani, wapi, kwa vifaa gani visivyo vya gharama? Shuleni kwetu somo la sanaa halikuwepo kwa hiyo nielezeni kama mtu asiyejua kitu.

---

JichoLaTatu

Dada siku hizi unaandika sentensi moja kompyuta inakuchorea mwili mzima na mikono. Tafuta biashara nyingine.

---

mama_wawili_Kimara

@JichoLaTatu kaomba ushauri wa kuchora, hajaomba wa kuacha. Pita kushoto.

---

FundiSuti_Mchikichini

Mimi si mchoraji, ni fundi cherehani, ila miili ya watu naijua kwa futi kamba.

Dada, nikuambie ambacho wateja wangu hawapendi kusikia. Karibu kila mtu ana bega moja limeshuka. Ukikata koti mabega sawa kwa sawa, likivaliwa linavuta upande mmoja. Mgongo nao hauko bapa, ndiyo maana koti lina mshono katikati nyuma, tunaingiza pale kiunoni ili lifuate mwili. Na kiwiko hakinyooki mtu akisimama kawaida, mkono unaangukia mbele kidogo. Ndiyo maana mkono wa suti tunaukata vipande viwili upate kupinda. Ukichora mkono umenyooka kama rula lazima ukose pa kuuweka.

Njoo ukae kwa fundi yeyote jirani siku ya kupimisha sare za harusi. Watu wanasimama wenyewe, wanageuka wenyewe, wanainua mikono, na hakuna atakayekuuliza unatazama nini.

---

PenseliYaTemeke

Fundi asante sana, hili la mkono wa suti sikuwahi kulifikiria. Nina fundi hapo mtaa wa pili, kesho naenda kumwomba.

---

Mkaa_wa_Buguruni

Mdogo wangu, nimechora miaka mingi na nimefundisha vijana kadhaa, ngoja nikae chini nikuandikie.

Picha na mtu hai si kitu kimoja. Lenzi ya simu inaona upana mkubwa, kwa hiyo ukimpiga mtu kwa karibu inakuza kilicho mbele na kupunguza kilicho mbali. Simu ikiwa usawa wa uso, kichwa kinatoka kikubwa na miguu inasinyaa. Wewe unanakili hivyohivyo, mteja anaona kuna kitu hakipo sawa na hawezi kukisema. Kingine, picha imeshabapazwa. Kazi ngumu kuliko zote, ya kuchukua mwili wa mviringo na kuulaza kwenye karatasi, mashine imeshakufanyia, na ndiyo kazi unayotakiwa kujifunza.

Sasa uzito. Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako zote, mengine yatakuja. Kabla hujagusa mstari wa nje jiulize: uzito wa mtu huyu umekaa wapi? Nenda kituo cha daladala uangalie. Hakuna anayesubiri gari la Mbagala nusu saa kwa miguu yote miwili sawasawa. Anaegemea mmoja. Ule uliobeba, nyonga yake inapanda. Upande wa pili nyonga inashuka na goti linalegea. Ili asianguke, bega la upande wa nyonga iliyopanda linashuka. Kwa hiyo mstari wa mabega na mstari wa nyonga vinainama kinyume, na uti wa mgongo unapinda kuvipatanisha. Ukishaliona hilo mara moja utaliona kila mahali, hata msikitini na kanisani.

Namna ya kuhakiki ni ya waashi: timazi. Funga nati kwenye uzi, inyooshe mbele ya jicho, uzi upite kwenye kile kishimo cha shingoni kati ya mitulinga miwili, ile mifupa inayotoka chini ya shingo kwenda mabegani. Mtu akisimama mguu mmoja, uzi utaangukia kwenye unyayo uliobeba au karibu yake sana. Kama kwenye mchoro wako unaangukia pembeni, mtu wako anaanguka, hata umtie kivuli kizuri namna gani.

Vipimo: vitabu vingi vinampa mtu mzima kimo cha vichwa 7 na nusu, mtoto wa mwaka mmoja kama 4. Usiabudu namba hizo, watu hawalingani, lakini moja ishike. Katikati ya kimo ni kwenye mfupa wa kinena, si kiunoni. Wanaoanza karibu wote wanaweka katikati kiunoni, matokeo yake kiwiliwili kirefu na vijiguu vifupi. Pima kwa penseli: nyoosha mkono, kiwiko kikaze, fumba jicho moja, ncha ya penseli kwenye utosi na kidole gumba kwenye kidevu. Hicho ni kichwa kimoja, shuka nacho mpaka chini ukihesabu. Kiwiko kikilegea kipimo kimekufa.

Muda: sekunde 30 kwa mchoro, halafu dakika 1, halafu 2. Ukichangamka ndiyo 5. Rimu ya karatasi za kawaida inatosha, usifute kitu, ukimaliza geuza upande wa pili. Kwa sekunde 30 huwezi kuchora kucha wala kifungo, na hiyo ndiyo faida yake.

---

KokaTamu

Naweka kambi hapa, nami najifunza. Mkuu Mkaa, je kivuli? Nikimchora mtu mweusi kama mimi kwa penseli naishia kupaka karatasi nzima mpaka inang'aa.

---

Mkaa_wa_Buguruni

@KokaTamu swali zuri, na hapa mafunzo ya wenzetu yanatupoteza. Wanayemchora ni mweupe, karatasi nyeupe inakuwa ngozi, penseli inakuwa kivuli. Ukifuata hivyo kwa ngozi yetu unapaka weusi kwanza halafu huna pa kwenda. Ngozi nyeusi umbo lake linasomeka zaidi kwenye mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, mtulinga, ncha ya bega, ugoko. Tafuta karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari ya watoto. Kaki yenyewe iwe rangi ya katikati. Mkaa uweke kwenye kivuli tu, chaki nyeupe kwenye mng'ao tu, na sehemu kubwa iache wazi kabisa. Mwanga uwe mmoja, wa dirisha au mlango, zima taa ya dari.

Mkaa wa jikoni mgumu, unakwaruza. Tengeneza wako: vijiti vyembamba vilivyokauka, vimenye ganda, panga kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu dogo juu, weka kwenye jiko la mkaa mpaka moshi ukome kutoka. Kopo lipoe kabisa ndipo ufungue. Ukiharakisha hewa inaingia vinashika moto, unapata majivu. Kufutia tumia nyama ya mkate, ifinyange kwa vidole. Wachoraji wa zamani walifanya hivyo kabla ya raba.

---

Abu_Ilala

Sina nia ya kuharibu uzi. Nakumbusha tu kwa Waislamu waliomo humu kwamba suala la kuchora viumbe wenye roho lina mjadala kwa wanazuoni, wapo wanaokataza na wapo wanaoweka masharti. Kila mmoja aulize kwa anayemwamini. Dada kila la heri.

---

daktari_mtarajiwa

Nipo chuo cha afya hapa mjini. Mikono inakushinda kwa sababu unachora nyama, anza na mfupa. Kigasha, yaani kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono, kina mifupa miwili. Geuza kiganja juu, mifupa imelala sambamba. Geuza kiganja chini, ule wa upande wa kidole gumba unavuka juu ya mwenzake. Ndiyo maana mkono huohuo ukigeuka unabadilika umbo, mara bapa mara mviringo. Jishike sasa hivi ugeuze utausikia.

Sehemu za kutafuta ni zile ambazo mfupa upo chini ya ngozi moja kwa moja, mnene na mwembamba wote wanazo: mtulinga, kiwiko, kifundo cha mkono, ncha ya mbele ya nyonga, goti, ugoko, kifundo cha mguu. Hizo ziweke kwanza kama nukta, halafu unganisha.

---

PenseliYaTemeke

Nimejigeuza mkono hapa mama ananiuliza naumwa? 😂

Sasa wakuu bado la watu. Kwa fundi nitaenda, ila siwezi kukaa kwake kila siku. Nikikaa kituoni na daftari natazama mtu mara kumi kumi si nitapigwa? Na hilo la kuvua nguo mnalionaje, ni lazima?

---

mama_wawili_Kimara

Mdogo wangu, saluni ya kusuka! Mtu anasuka rasta saa nne, tano, hawezi kuinuka hata akitaka. Na msusi mwenyewe amesimama, mikono juu, kiwiko kimepinda, uzito anauhamisha mguu hadi mguu. Wasusi wawili kwenye kichwa kimoja ndiyo raha zaidi. Waombe tu, waambie unajifunza, ukimaliza waonyeshe. Watakucheka, halafu watakuita wenyewe.

---

Mkaa_wa_Buguruni

Mama wawili kamaliza. Naongeza tu: kinyozi, wacheza bao na drafti, kijiwe cha bodaboda wakisubiri abiria, pantoni ya Kigamboni. Aliye karibu muombe. Aliye mbali na wa nusu dakika hajui hata kama umemchora. Mtoto usimchore bila mzazi kujua. Na usikae na daftari kwenye mageti ya kambi, bandarini au ofisi nyeti, utatumia siku nzima kujieleza.

Siku ambayo hutaki kutazamana na watu nenda sanamu ya Askari pale Samora. Ipo tangu 1927, haiombi soda. Ina mguu mbele, bunduki mkononi, kiwiliwili kimeinama kwenda mbele. Ichore pande nne, timazi utaielewa.

La kuvua nguo: si lazima uanzie hapo, na anayekuambia bila hivyo hujajifunza kitu anakutisha tu. Faida ipo, sikatai, unaona nyama inavyoshikana na mfupa. Ila jioni ya Jumapili Coco Beach kuna vijana wanacheza mpira vifua wazi, na klabu za ngumi za Manzese wanafanya mazoezi kwa bukta. Tena nguo inafundisha. Kanga au dera haliangukii ovyo, mikunjo inaanzia pale mwili unapoishikilia: begani, kwenye kifua, nyonga, goti likipinda. Fuata mikunjo mpaka inapotokea, utaupata mwili bila kumvua mtu. Kwa maharusi wako hilo ndilo utakalolitumia kila siku. Ukitaka darasa la watu, ulizia Nafasi Art Space pale Mikocheni, kuna wasanii wenye studio, utapata wenzako wa kupokezana: leo unakaa wewe, kesho anakaa yeye.

---

MpingoMweusi

Mimi nachonga, nipo Mwenge. Mchoraji ana bahati ya upande mmoja, sisi hatuna. Kinyago kina mgongo, kina visigino, mteja anakigeuza. Ukimaliza kumchora mtu mbele, zunguka umchore nyuma palepale, hajabadilisha mkao. Mgongo ndiyo utakuambia mabega yanabebwaje. Wengi mnachora nyuso miaka kumi, mgongo hamjawahi kuutazama.

---

JichoLaTatu

Haya, nimesoma mpaka mwisho. Kumbe kituo cha daladala ni kweli, nimejiangalia mwenyewe nimesimama mguu mmoja.

---

PenseliYaTemeke

😂😂 Karibu JichoLaTatu.

Wakuu nimepata. Binamu yangu anasuka Jumamosi hapa kwa jirani, msusi amekubali. Na baada ya hapo binamu kasema atanikalia nyumbani, mama yupo, amevaa dera lake. Ila anataka alipwe. Namlipaje? Na atakaa muda gani kabla hajachoka?

---

Mkaa_wa_Buguruni

Mlipe kwa saa, mkubaliane kabla hajakaa, na mchoro mmoja umpe achague mwenyewe. Mapumziko yahesabu ndani ya saa yake, usimkate.

Akiwa amesimama, dakika 15 au 20 zinatosha, kisha anyooshe miguu. Akikaa anaweza kuzidisha kidogo. Kabla hajatoka kwenye mkao zungushia nyayo zake chaki sakafuni, na kwenye stuli weka alama alipoweka mkono, akirudi anarudi palepale. Stuli iwe isiyo na mgongo, akiegemea uzito wote unaenda kwenye kiti na wewe huoni kitu. Mwelekeze macho sehemu moja, TV iwe imezimwa.

---

PenseliYaTemeke

TV imezimwa Jumamosi, na mama yupo? Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote mkuu. Nitajaribu, nitaleta picha za michoro hapa.