Ushauri: Nisikilizeje albamu za muziki wa Cowboy Bebop kwa mpangilio unaoeleweka?

mwanagenzi_26

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu albamu za muziki wa Cowboy Bebop, ile anime ya Shinichirō Watanabe ya mwaka 1998. Vipindi vyote 26 nimemaliza. Sasa nautaka muziki wenyewe, kazi ya Yoko Kanno na bendi yake ya Seatbelts, na nataka kuusikiliza albamu kwa albamu, si kuokoteza wimbo mmoja mmoja.

Natumia simu ya Android, hedifoni za waya, na folda ya MP3 zilizokusanywa kutoka sehemu mbalimbali. Folda yenyewe imevurugika. Majina mengine yanasomeka hivi: ƒrƒoƒbƒv. Mengine ni alama za kuuliza tupu. Albamu moja simu imeigawa vipande vinne, na wimbo wa 10 unapigwa kabla ya wa 2. Nikiongeza sauti ili niusikie wimbo wa Memory, ule wa Tank! ukija unapasua masikio. Halafu Rain ya kwenye albamu inaimbwa na mwanamume, wakati kwenye kipindi cha 5 ni sauti ya mwanamke kabisa.

Nianze na albamu ipi? Nifuate mpangilio wa vipindi au wa albamu zilivyotoka? Bando langu ni GB 5 kwa mwezi, kwa hiyo siwezi kujaribu ovyo.

Tarumbeta

Fuata albamu zilivyotoka, mkuu. Ya kwanza inaitwa Cowboy Bebop tu, ilitoka Mei 1998, ina nyimbo 17. Agosti mwaka huohuo ikaja Vitaminless, ambayo ni fupi. Oktoba 1998 ikatoka No Disc, na Mei 1999 ikatoka Blue. Maliza hizo nne kwanza. Future Blues ni ya filamu ya 2001, hiyo ije baadaye. Music for Freelance iache mwisho kabisa, kwa sababu ni nyimbo zilezile zilizopikwa upya na watu wengine, na ukiianza kabla hujazizoea za asili hutajua kilichobadilishwa.

Mpangilio wa vipindi utakuchosha bure. Chukua kipindi cha 5 ulichokitaja. Ave Maria ya Schubert, ile ya kwenye jumba la opera, iko kwenye Blue. Rain iko kwenye albamu ya kwanza, tena kwa sauti nyingine. Green Bird, pale Spike, mhusika mkuu, anapoanguka kutoka dirisha la kanisa, iko No Disc. Kipindi kimoja, albamu tatu. Ukifuata njia hiyo utakuwa unarukaruka kila dakika tatu, na hutasikia albamu hata moja ikipumua.

Kuna sababu ya hali hiyo. Watanabe mwenyewe ameeleza kwamba Kanno alikuwa akimletea muziki ambao hakuuagiza, na mara nyingine muziki huo ndio uliompa wazo la tukio. Kwa hiyo usiichukue albamu kama ghala la matukio. Muziki mwingi ulikuwa kitu kamili kwanza, televisheni ikakata kipande. Tank! ya ufunguzi wa kipindi ni dakika moja na nusu. Kwenye albamu ni dakika 3 na sekunde 30, na saksafoni ya Masato Honda inapata nafasi ya kutanua. Space Lion ina dakika saba na ushee: inaanza na saksafoni peke yake, taratibu sana, kisha kwaya na ngoma zinaingia. Ndiyo inayofunga kipindi cha 13 badala ya The Real Folk Blues, wimbo wa kawaida wa kufungia vipindi. Isikilize yote bila kugusa simu, kwa sababu nusu ya pili haina maana kama hukuvumilia ya kwanza.

kinubi_cha_pwani

Kuhusu Rain, masikio yako yako sawa. Ya kwenye albamu ya kwanza anaimba Steve Conte. Ya kwenye kipindi cha 5 ni Mai Yamane, yuleyule wa The Real Folk Blues na wa wimbo Blue unaofunga kipindi cha 26. Ukiitafuta ya Yamane kwenye zile albamu nne hutaipata. Imo kwenye sanduku la CD lililotoka 2002, imeandikwa kuwa ni toleo la majaribio. Mtandaoni mara nyingi faili huandikwa jina la Yamane halafu anaimba Conte, au kinyume chake. Sikiliza mstari wa kwanza tu, utajua.

Jambo jingine: Cats on Mars na Fantaisie Sign zimo kwenye Vitaminless na pia kwenye No Disc. Programu ya kufuta faili zinazojirudia itazifuta upande mmoja na kuacha shimo kwenye albamu. Usiiruhusu.

Fundi Spika

Nakuja kwenye folda. Hapa usikimbilie kufuta, kwa sababu matatizo yako mawili ya majina hayafanani.

Hiyo ƒrƒoƒbƒv ni neno Bebop kwa katakana, aina ya herufi za Kijapani, halijapotea. Liliandikwa kwa mfumo wa Shift-JIS wa Kijapani, na programu inalisoma kana kwamba ni herufi za Ulaya Magharibi. Katakana nyingi kwenye Shift-JIS huanza na baiti 83 (kwa heksadesimali), na baiti hiyo kwenye Windows ni ƒ. Ndiyo maana hiyo alama inajirudia kila baada ya herufi moja. Fungua faili kwenye kompyuta kwa Mp3tag, programu ya kuhariri taarifa za nyimbo, chagua kitendo cha kubadili mfumo wa herufi, ueleze kwamba asili ni Shift-JIS, kisha hifadhi kwa Unicode, mfumo unaobeba herufi za lugha zote. Jaribu faili moja kwanza. Ukiwahi kuhifadhi kwa mfumo usio sahihi mara mbili, kurudi nyuma ni kazi kubwa.

Alama za kuuliza ni habari nyingine. Hapo herufi zenyewe zimekwisha kufutwa na programu fulani iliyoshindwa kuziandika. Hakuna cha kubadili. Unaandika upya, kwa mkono au kwa MusicBrainz Picard, ambayo inatambua wimbo kwa kuusikiliza wenyewe wala haitegemei jina la faili.

Albamu kukatika vipande vinne: simu inapanga kwa jina la msanii. Kwenye albamu hizi wimbo mmoja umeandikwa Seatbelts, mwingine Steve Conte, mwingine Mai Yamane, mwingine Gabriela Robin, ambalo ni jina jingine la Kanno mwenyewe. Usiwafute waimbaji, wanastahili kutajwa. Kuna sehemu ya pili iitwayo msanii wa albamu. Jaza Seatbelts kwenye faili zote za albamu, herufi kwa herufi zifanane. Nafasi moja ya ziada mwishoni inatosha kuikata albamu tena.

Namba za nyimbo ziandike kwa tarakimu mbili: 01, 02, hadi 17. Programu zinazopanga kwa jina la faili zinasoma 1, kisha 10, kisha 11, ndipo 2.

Kabla ya yote hayo, kagua kama faili zenyewe zina thamani ya kurekebishwa. Programu ya Spek ni ya bure, inachora masafa ya sauti. MP3 ya kilobiti 320 iliyotoka moja kwa moja kwenye CD hufika karibu na kHz 20. Ukiona mchoro umekatwa kama kisu kwenye kHz 16 na faili inajiita 320, ujue ilikuwa 128 ikapanuliwa. Ukubwa umeongezeka, sauti haikurudi. Kwenye Tank! utaisikia kwa urahisi: matoazi yanatoa mchakacho wa majimaji na tarumbeta zinakuwa kali bila mwili. Faili za namna hiyo usizipotezee muda, tafuta nakala halali.

BintiPangani

Sauti kupanda na kushuka: tumia ReplayGain, vipimo vinavyomwambia mpigaji wa muziki apandishe au ashushe sauti kiasi gani, lakini chagua usawa wa albamu, usichague wa wimbo. Usawa wa wimbo unaipandisha Memory, ambayo ni kama kisanduku cha muziki cha dakika moja na nusu, mpaka ilingane na Tank!. Hapo umeua kazi ya mtunzi. Usawa wa albamu unashusha au kupandisha zote kwa kiasi kimoja, kwa hiyo tofauti ya kelele na kimya inabaki kama ilivyokusudiwa. Kwenye kompyuta programu ya kusikilizia ya foobar2000 inapima: chagua nyimbo zote 17 kwa pamoja, upime kama albamu moja. Ukizipima albamu tatu kwa mkupuo bila kuzitenganisha, vipimo vinakuwa vya kitu kisichokuwepo. Kwenye simu, foobar2000 ya Android au Poweramp zinasoma vipimo hivyo, ila lazima uwashe kwenye mipangilio.

Kisha weka sauti yako kwa kutumia Tank!, usiiweke kwa kutumia Memory. Tank! ikikaa vizuri masikioni, nyimbo za kimya ziache zikae kimya na uende mahali tulivu. Ndani ya daladala hutazisikia, na kupandisha sauti kutaumiza masikio tu.

Bando lako linatosha. Kilobiti 320 kwa sekunde ni MB 144 kwa saa. 160 ni MB 72. Albamu ya kwanza haifiki saa moja. Zote nne kwa jumla hazifiki saa nne, kwa hiyo ukizipakua mara moja kwa ubora wa juu hutumii zaidi ya MB 600. Kinachomaliza bando ni kusikiliza moja kwa moja mtandaoni kila siku. Pakua mara moja kwenye programu unayolipia, kisha zima data.

Kama programu ina kipengele cha kulainisha mpito kati ya nyimbo, kizime. No Disc ina vipande vifupi, Vitamin A, B na C, vilivyowekwa kama matangazo kati ya nyimbo. Mpito wa sekunde 5 unavimeza.

mwanagenzi_26

Asanteni sana wakuu. Shift-JIS imekubali, majina yamerudi. Msanii wa albamu nimejaza na vipande vimeungana. Ila Picard imeichukua Tank! na kuipeleka kwenye mkusanyiko wa 2004, na nyingine mbili kwenye albamu ambazo sizijui kabisa. Nimekosea wapi? Na nikitaka CD halisi, nitaijuaje ya kweli?

Fundi Spika

Hujakosea, ni tabia yake. Wimbo mmoja ukiwa kwenye matoleo matano, kuutambua kwa sauti hakuwezi kusema umetoka lipi. Usichanganue nyimbo mojamoja. Ziweke faili zote za albamu kwenye kundi moja, tafuta toleo la Japani la 1998 upande wa kulia, kisha buruta kundi zima ulishushe juu ya toleo hilo. Linganisha urefu wa kila wimbo kabla ya kuhifadhi. Tofauti ya sekunde moja au mbili ni kawaida. Ya sekunde 40 maana yake una toleo jingine. Hifadhi nakala ya folda kwanza.

Tarumbeta

CD ya Japani ina ukanda wa karatasi uliozunguka ubavuni, ingawa ya mitumba inaweza kuwa imeupoteza. Angalia jalada la nyuma: bei kwa yen, tarehe ya kutoka iliyoandikwa mwaka kwanza, nembo ya JASRAC (chama cha hakimiliki za muziki cha Japani), na namba ya katalogi inayoanza na VICL, maana wachapishaji ni Victor. Namba hiyo lazima ifanane kwenye ukanda, ubavuni na kwenye diski yenyewe. CD za kughushi za muziki wa anime zilienea sana miaka ile, na nyingi zina namba ya mfumo mwingine kabisa au hazina bei. Mwombe muuzaji picha tatu: nyuma, ubavu, na uso wa diski. Akikataa, acha.

Ukiipata, itoe kwa programu ya Exact Audio Copy kwenda FLAC, aina ya faili isiyopoteza ubora. Washa njia salama ya kusoma, na AccurateRip ilinganishe nakala yako na za wengine. CD haijabanwa, inakula karibu MB 10.6 kwa dakika. FLAC huipunguza hadi kati ya nusu na theluthi mbili bila kupoteza kitu. Hiyo weka kwenye kompyuta kama akiba, kwenye simu peleka MP3 iliyotolewa humo.

kinubi_cha_pwani

Ukifika No Disc, usiiruke The Singing Sea. Mwimbaji wake ni Tulivu-Donna Cumberbatch, na jina hilo la kwanza ni hilihili neno letu. Iko karibu na mwisho, baada ya ELM ambayo Pierre Bensusan anapiga gitaa. Ukizisikiliza kwa hedifoni za Bluetooth na gitaa likasikika kama limefunikwa kitambaa, angalia kwenye mipangilio ya simu kama imeshuka kwenye SBC, mfumo wa msingi wa kubana sauti ya Bluetooth. Hizo zako za waya zinatosha kabisa kwa albamu hii.