Je, ni haki kurekodi kwa siri ndani ya mashamba ya mifugo na vichinjio?

Mlaji wa Buruburu (swali)
Ndugu zangu, naomba maoni yenu kuhusu jambo lililotugawa kazini. Mwaka 2008, mpelelezi wa shirika la kutetea wanyama aliyekuwa ameajiriwa katika kichinjio kimoja cha Chino, California, alionyesha picha alizozirekodi kwa kamera ya siri: ng'ombe wasioweza kusimama walisukumwa kwa foklifti na kupigwa shoti za umeme ili wainuke na kuchinjwa. Kampuni hiyo iliagiza nyama irudishwe, takriban kilo milioni 65, na sehemu yake ilikuwa imepelekwa shuleni. Wenzangu wanasema mtu huyo alipata kazi kwa udanganyifu. Mimi ninayenunua nyama katika soko la Burma bila kujua mnyama alivyotendewa, siwezi kumlaumu. Ninyi mnaonaje?

Mfugaji wa Limuru
Kaka, mimi nafuga kuku wa mayai, na jambo hili linanigusa. Anayeingia bandani kwa siri bila kukanyaga maji ya dawa anaweza kuniletea kideri, na kundi zima likafa. Isitoshe, mpelelezi akishuhudia mnyama akiteswa leo, kisha akanyamaza kwa majuma kadhaa ili akusanye picha za kutosha, mnyama huyo amesaidiwa na nani? Nikiwa na mfanyakazi mkatili, niambie siku hiyohiyo. Usinisubiri nifikie televisheni.

Daktari wa mifugo, Kabete
Mama, hoja yako ya kunyamaza ni nzito, na nadhani mashirika hayo hayajaijibu vya kutosha. Hata hivyo, unazungumza kama mwenye shamba aliye tayari kuambiwa. Pale ambapo mkubwa ndiye anayeharakisha kazi, kibarua akalalamike kwa nani? Mkaguzi naye huonyeshwa kile kilichoandaliwa kwa ajili yake.

Majimbo kadhaa ya Marekani yalichagua kuzuia kamera badala ya kuzuia ukatili. Sheria ya Utah ya mwaka 2012, iliyokataza kurekodi shughuli za mashamba bila idhini, ilibatilishwa na mahakama ya shirikisho mwaka 2017 kwa kukiuka uhuru wa kujieleza. Kabla ya hapo, mwaka 2016, utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia ulionyesha kwamba Wamarekani walioelezwa kuhusu sheria za namna hiyo walipunguza imani yao kwa wafugaji, wakaunga mkono zaidi kanuni za kulinda wanyama. Wafugaji waliodhani wanalindwa ndio walioumizwa.

Ningependa tuige Uingereza, namaanisha England yenyewe. Tangu mwaka 2018, kila kichinjio nchini humo kinatakiwa kuwa na kamera za wazi popote penye wanyama hai, na daktari rasmi ana haki ya kuziangalia picha hizo, ambazo huhifadhiwa kwa siku 90. Hapa kwetu, vichinjio vya Dagoretti na Kiamaiko vingefaa kuanzia.

Wakili wa Upper Hill
Kwa upande wa sheria, Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31, lakini Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa anazonunua. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, hata ndani ya ua wa mtu binafsi. Mwenye ushahidi aupeleke kwa polisi kabla ya kuusambaza mitandaoni.

Mfugaji wa Limuru
Daktari, kamera ya wazi nitaikubali, hata bandani kwangu, ila kwa sharti kwamba picha ziangaliwe na daktari wa serikali peke yake. Dalali akizipata, atanihesabia kuku na kunipangia bei. Je, kanuni hizo za Uingereza zinawahusu wafugaji pia?

Daktari wa mifugo, Kabete
Hapana, Mama, zinahusu vichinjio tu. Mashamba hayamo, na ndiyo maana huko kamera za siri bado zinaingia mabandani.